Tambuu Ambayo Barke Hakuila

Mashavu binti Fumo wa Kudhaa hakuwa mwanamke wa kutaka mengi duniani. Alitaka kahawa yake iwe chungu. Alitaka watoto wasipige mluzi ndani ya nyumba. Na alitaka siku moja, kabla hajavikwa sanda, Barke ale tambuu yake. Kahawa aliipata, na watoto aliwaweza. Hilo la tatu lilimtoa jasho umri wake wote, na ndilo la kuhadithiwa.

Kudhaa ni kisiwa kidogo cha pwani ya Somalia. Ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anakuombea rehema. Hata hivyo watu wake hawakukubali kukaa mtaa mmoja. Kulikuwa na Mtaa wa Yuu na Mtaa wa Chini, na mgeni aliuliza kila mara hiyo yuu yenyewe iko wapi, maana kisiwa ni bapa kama mkate wa mofa. Mashavu alikuwa wa Yuu. Akiulizwa hivyo alimtazama mgeni kuanzia kichwani mpaka nyayoni, akamwambia yuu ni pale anaposimama yeye.

Barke alikuwa wa Chini. Walizaliwa msimu mmoja, wakapigwa kwa kiboko kimoja chuoni, wakabalehe pamoja, na wote wawili wakawa wasukaji wa mikeka. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kila biarusi wa Kudhaa hukalia mkeka mpya siku ya kutolewa, na mkeka huo husukwa na mtaa wake. Lakini haukaliwi kabla haujafunuliwa. Siku ya kuufunua, wanawake wote hukusanyika, na mkeka hukabidhiwa mwanamke mmoja wa mtaa wa pili. Kazi yake ni kutafuta kosa tu. Hupekua ukili kwa ukili, yaani utepe kwa utepe uliosukwa, na mshono kwa mshono. Akiliona huweka kidole, na mtaa wake huimba mpaka koo zikauke, na aliyesuka hukaa pale pale akafumua, akasuka upya huku akitazamwa. Asipoliona, basi ni yeye atakayekaa juu ya mkeka, mikono mapajani, atiwe tambuu kinywani na aliyesuka, na aitafune mbele za watu mpaka iishe. Tambuu hiyo huwa na popoo jipya na iliki na karafuu, wala hajatokea aliyeisifia.

Mashavu aliila tambuu ya Barke mara mbili. Ya kwanza akasema chokaa imezidi. Ya pili akasema popoo ni la mwaka jana. Barke hakuila ya Mashavu hata siku moja. Alikuwa akikaa, akivuta mkeka mapajani, akipiga miayo, na mwisho wa miayo kidole kilikuwa kimeshafika mahali. Mara chane moja ya ukindu imeruka mbili badala ya kuruka moja. Mara rangi haikuingia ncha. Kuna arusi moja usukaji haukuwa na dosari kabisa, Barke akaona uzi wa mshono umekwenda kombo. Mashavu alisimama akasema mshono si ukili. Wanawake walijadiliana mpaka adhana ya alasiri, na wakaamua mshono ni mkeka. Uamuzi huo Mashavu hakuusamehe, na waliouamua wengi wao wamekufa.

Kuna mwaka Barke alishikwa na homa, Tima, wa Chini vile vile, akakalia nafasi yake. Tima alitazama mkeka, akasema maashallah, akakaa, akafungua kinywa. Mashavu alimlisha. Mtaa wa Yuu ulipiga vigelegele, na Mashavu akaenda zake nyumbani na uso uliokunjamana. Waliomfuata kumpongeza aliwaambia Tima hata ukimpa mkeka wenye tundu atasema ni dirisha. Siku hiyo hakuihesabu. Na jioni yake ilionekana bakuli la uji wa pilipili manga mlangoni kwa mgonjwa, bila salamu, bila kusemwa limetoka wapi. Barke aliunywa, akapeleka habari kwamba uji una mabonge.

Kisha serikali ikaanguka Mogadishu, na bunduki zikateremka mpaka Kismayu, na kutoka Kismayu zikavuka maji. Mukhtar, mtoto wa pekee wa Mashavu, alikuwa amekwenda Kismayu kuuza kamba. Hakurudi, wala habari yake haikurudi. Alimwacha mkewe Saada na binti yake Tasnim, aliyekuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni akichoka.

Waliokuja na bunduki hawakuuliza yuu ni wapi wala chini ni wapi. Walichukua nyavu, wakachukua mashine za vyombo, wakachukua dhahabu masikioni mwa watu. Waliingia nyumba ya Mashavu wakalala na viatu juu ya mikeka yake, na hapana hata mmoja aliyeinama kutazama usukaji. Miaka mingi baadaye Mashavu alikuwa akilisema hilo kabla ya kusema dhahabu. Mchu anayetaka kukushinda, alisema kwa ulimi wa Kudhaa ambako mtu ni mchu, hukutazama kwanza. Wale hawakumtazama mchu, walibeba tu.

Watu wakakata shauri kuondoka. Chombo cha Mtaa wa Yuu kilikuwa kimeshachukuliwa. Cha Mtaa wa Chini kilisalimika kwa sababu Bakri, nduguye Barke, alikitoboa kwa mkono wake akakizamisha kwenye mikoko, na wabeba bunduki walipopunguza macho akakiopoa, akakiziba. Basi Yuu na Chini wote wakawa wa chombo kimoja, na kila mmoja akapanda haraka, isipokuwa Mashavu.

Yeye alisimama kwenye maji ya magoti, furushi kichwani. Ndani ya furushi hamkuwa na sufuria wala nguo za maana. Mlikuwa na ukindu, na ukili aliokuwa amekwisha kuuanza. Saada alimwita, Bakri alimwita. Akawajibu kwamba wao watangulie, atangoja chombo cha Yuu. Kila aliyesikia alijua chombo cha Yuu hakipo, naye alijua kuliko wao.

Barke akaegemea ukingo wa chombo, akanyosha mkono.

"Mashavu, panda. Ukifa leo mimi nishindane na nani? Na Tima?"

Tima alikuwa amekaa pale pale, akageuza uso kutazama bahari. Mashavu akafikiri. Akapanda, lakini mkono wa Barke hakuushika, alishika kamba.

Nafasi ilikuwa ndogo, wakakaa yeye na Barke mgongo kwa mgongo. Chombo kilipoacha pwani, watu walikuwa wakilia kwa siri ndani ya leso. Mashavu akatoa ukili wake akaanza kusuka, ili Barke asije akasema Mashavu binti Fumo alilia chomboni. Walipokaribia Darakasi, mashua ya mashine ikatokea nyuma yao, na risasi zikaanza kuanguka majini kama kokoto. Waliopata nafasi walilala chini. Mashavu alimsukumia Tasnim chini ya mapaja yake, akakaa wima vile vile, akaendelea kusuka. Mwisho mashua ile iligeuka ikafuata chombo kingine, na Bakri akapita salama mpaka ng'ambo ya mpaka.

Toka siku hiyo Mashavu akawa na neno. "Risasi zilipita hapa na hapa, na mkono wangu haukutetemeka." Alilisema Lamu waliposhushwa. Alilisema walipofikishwa kambini, nje kidogo ya Mombasa. Aliwaambia wagawaji wa unga, akamwambia mkunga aliyekuja kuuliza nani mjamzito, akawaambia hata wasiojua Kiswahili. Ajabu ilikuwa moja. Barke, ambaye hakupata kuliacha neno la Mashavu lipite bila kulitoa kasoro, akisikia hilo alinyamaza. Watu wakasema, haya, hatimaye amekubali. Mashavu naye akaamini hivyo, akawa analisema zaidi Barke akiwa karibu.

Kambi ilikuwa ya maturubai, yamepangwa safu kwa safu, na mfereji mmoja wa maji. Mashavu alikwenda kukaa upande wa mfereji, akatangaza huo ndio Yuu. Akachukia ukindu wa huko, akasema ni mgumu kama moyo wa mkwe, lakini akasuka. Ule ukili wa chomboni hakuuuza wala hakuushona. Aliuviringa, akaulalia kama mto, akisema ni wa arusi ya Tasnim.

Miaka ikapita, na macho ya Barke yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, kushoto kisha kulia. Mjukuu wake Bushra ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano, na kuna asubuhi Barke alisalimia nguzo ya turubai akaiuliza hali ya watoto. Habari hiyo ilipofika upande wa mfereji, Mashavu aliifurahia, akamwomba Mungu msamaha, kisha akaifurahia tena kidogo.

Ndipo Tasnim akaposwa na Fahmi, kijana wa kisiwa cha Chula, mtengeneza mashua. Wanawake wa Kudhaa wakasema, mila ni mila hata chini ya turubai. Mkeka usukwe, na mkeka ufunuliwe. Na nani atafunua kwa ajili ya Chini? Halikuwa swali. Siku zote ni Barke.

"Mama," Saada akasema akimenya vitunguu, "safari hii utamlisha."

Mashavu akacheka. Akanunua popoo mapema, akachagua karafuu moja moja. Kisha siku ya pili akafanya birika la kahawa akaenda nalo kwa Barke, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Wakapiga porojo juu ya bei ya samaki wa Mombasa, walivyolegea. Mashavu akaweka kikombe mkekani. Mkono wa Barke ukaja, ukapita kikombe, ukagusa mkeka mtupu, ukarudi, ukapita tena. Mashavu akakisukuma kikombe mpaka kikakuta vile vidole.

Akarudi nyumbani na birika lake, akiwaza. Amlishe Barke tambuu kwa sababu hakuona? Hiyo ingekuwa kumshinda mbio aliyevunjika mguu. Ingekuwa Tima mara ya pili, na mbaya kuliko Tima, maana baada ya hapo hapangekuwa na mara nyingine. Aseme basi afunue mwingine? Hilo lingekuwa kumwambia Barke mbele za watu kwamba amekwisha, na afadhali amchukulie nyumba kuliko kumwambia hivyo. Umri mzima alikuwa amemtaka Barke ashindwe. Sasa aligundua kwamba hakupata kumtaka Barke asiweze.

Mkeka ulikuwa karibu kuisha. Katikati alitia ukili mpya wa rangi, na huo aliukagua mara kwa mara mpaka macho yakamwasha. Pembeni alitia ule wa chomboni, mweupe, usio na rangi. Huo hakuukagua. Ulikuwa ukili wa mkono wa Kudhaa, na ulipita kwenye risasi, angekagua nini?

Mchana mmoja, Saada akiwa kwenye foleni ya unga, Mashavu alikaa mlangoni, akafumua kidogo katikati ya mkeka, akasuka kosa. Haikuwa kazi rahisi. Mara ya kwanza vidole vilijisahihisha vyenyewe. Mara ya pili vivyo hivyo, akavipiga kofi kwa mkono wa pili. Mwisho likakubali: kosa nene, lililovimba, la kupapaswa na yeyote mwenye ngozi. Kuku angelikwaa. Mashavu alilitazama kama mtu anayetazama mtoto wa haramu, akaviringa mkeka.

Siku ya kuufunua wanawake wakajaa, Yuu huku na Chini huku. Mashavu alikuwa na kisahani cha tambuu kimefunikwa kitambaa, kwa kuwa lazima kiwepo. Barke akaletwa na Bushra, akanawa mikono, akaikausha polepole.

"Macho sina," akasema. "Vidole ninavyo kumi. Kuna mchu wa Yuu asiyeridhika?"

Wa Yuu wakasema wameridhika. Akavuta mkeka mapajani, akapiga miayo.

Vidole vikaanza kutembea. Vilipita ukili wa kwanza, wa pili, vikafika katikati, vikakutana na lile bonge. Vikasimama. Barke akainama kama anayenusa ukindu, kinywa chake kikawa karibu na sikio la Mashavu aliyekaa ubavuni, akanong'ona:

"Hili la sadaka?"

Mashavu akajitia kupanga leso yake.

"Sadaka wape maskini, mwenzangu. Mimi sijafilisika."

Vidole vikaendelea mbele, kama havikukuta kitu. Wanawake hawakusikia lolote. Mashavu alihisi uso wake unawaka. Amelikataa, basi hana jingine, na ataila tambuu mbele yake leo, macho yamefunga ukungu. Upande wa Yuu ulikuwa umeshaanza kukohoa, wakitayarisha sauti za vigelegele. Saada alikisogeza kisahani. Mashavu akakirudisha nyuma kwa kisigino.

Barke alifika pembeni, kwenye ukili mweupe. Hapo akapunguza mwendo. Alianzia kwenye pembe ya mkeka, akawa anasogea kwa kucha, kama mchu anayepita nyumba kwa nyumba akitafuta mlango anaoujua. Kisha kidole kikatua.

"Hapa."

Saada akaweka uso karibu. Ilikuwa chane moja, nyembamba kama ukope, imeruka mbili badala ya kuruka moja.

"Hapa ndipo Darakasi," Barke akasema, sasa kwa sauti ya kufika pande zote. "Hapa ndipo mkono wa mwenzangu haukutetemeka."

Mtaa wa Chini wakaanguka kwa kicheko, na hata wa Yuu wengine wakajificha kwenye leso mabega yakiwatikisika. Tima ndiye aliyecheka kuliko wote, na alikuwa na haki yake.

Mashavu alisubiri mpaka wakachoka. Akauliza, "Uliliona lini?"

"Siku ile ile. Ulipoacha kusogea mgongoni mwangu niligeuka nitazame kama umepigwa. Nikakuta u mzima, na kosa limelala mapajani."

"Na ukanyamaza miaka yote hii."

"Ningelisema chomboni ungelifumua. Nikasema, niliache lizee, kwani arusi haikosekani."

Mashavu akasimama. Akadai kosa hilo limeonwa kwa macho ya zamani, na waliokubaliana leo walikubaliana juu ya vidole. Mchu halipwi leo kwa alichokiona juzi. Wanawake wakajadiliana. Walikwenda mbali, wakafika mpaka ule mshono wa kombo, wakarudi, na mwisho wakaamua kosa ni kosa, halina tarehe. Mashavu akasema alijua wataamua hivyo, maana Kudhaa haki iliisha kabla ya serikali.

Akakaa chini afumue. Mtaa wa Chini wakapiga makofi, wakamtungia pale pale:

*Mkono haukutetemeka,*
*ni ukindu ulioogopa.*

Wakaurudia huo mpaka watoto wa kambi nzima wakaushika. Mashavu alifumua taratibu. Alipofika kwenye chane yenyewe, alikumbuka kwamba saa ile hakuwa akizifikiria risasi. Alikuwa akimfikiria Mukhtar, kama huko Kismayu amepata pa kujificha. Vidole vyake vikasimama juu ya ukindu. Hapo mkono wa Barke ukaja ukapapasa, ukashika ncha ya pili ya ukili, ukaivuta ikakaza, kama mtu anavyomshikia msukaji. Mashavu akasuka, akafunga.

Lile bonge la katikati alilitengeneza kesho yake, akamwambia Saada panya amepita. Barke hakumwambia mchu.

Lakini siku yenyewe, wanawake walipokuwa wakitawanyika, Barke bado amekaa, alinyosha pua.

"Nasikia harufu ya karafuu."

Mashavu akakifunua kisahani, akaitazama tambuu, akaitia kinywani mwake mwenyewe. Ilikuwa nzuri mno. Akaitafuna polepole karibu na sikio la Barke, apate kuisikia.

"Bushra wako ataposwa lini?" akauliza alipopata nafasi ya ulimi.

"Wameshakuja wachu. Baada ya mfungo, inshallah."

"Na mkeka atasuka nani?"

"Mimi. Nani mwingine yuko Chini?"

"Na macho?"

Barke akainuka, akajifuta vumbi, akamshika Bushra bega.

"Macho ya nini? Wewe ndiye utakayeyahitaji."